Waragi Ndani ya Rejeta

Mwaka ule nilipotoka shule, mvua ya mawe iliipiga Masafu, kijiji chetu, mpaka kuku sita wa bibi yangu wakafa. Nasema nilitoka shule, lakini ukweli niliondolewa. Nilikuwa nimesoma miaka miwili na kidogo. Herufi nilizijua zote mojamoja, ila zikikaa nyingi pamoja zilinichosha, na hata haya nayaandika polepole, na binti yangu mwalimu akiyapitia hunicheka. Basi turudi kwenye mvua. Mawe yalikuwa ukubwa wa mayai ya kwale. Bibi aliyazoa kwa ungo, akayatia mtungini, akafunika kwa jani la mgomba, akasema hiyo ni dawa ya macho, itatufaa mwaka mzima.

Asubuhi akafunua. Mawe hayakuwamo. Mlikuwa na maji yenye rangi ya chai iliyolala, na juu yake mavi ya kuku na mguu wa panzi. Bibi hakuwa mtu wa kukubali hasara. Akasema dawa ni dawa, kama haikutibu macho itatibu tumbo. Tukapangwa mstari, wajukuu wote, kila mtu kikombe. Mimi niliyetapika nikaongezwa cha pili.

Tangu siku hiyo kinywa changu ni kigumu. Sinywi kitu nisichojua kimetoka wapi. Nilipokuwa kijana hilo lilikuwa neno zito, maana kwetu wanaume wakikaa kwenye mtungi wa pombe ya ulezi kila mmoja anachovya mrija wake mrefu humo humo, wanavuta, wanazungumza, wanavuta tena. Mtu asiyetia mrija anaonekana ama mchawi ama mgonjwa. Mimi niliwatazama watu kumi wanavuta mtungi mmoja, na kile kilichobaki ndani ya mrija kinarudi mtungini mtu akiachia, na roho yangu ikakataa. Walinitania sana. Mmoja aliniuliza mbele ya watu, "Wewe mkeo mnalala vitanda viwili?" Nikasema ndiyo, na wakacheka mpaka nikaondoka.

Lakini kule kutokunywa ndiko kulikonipa kazi. Nilikuwa nafunga na kufungua magari kwenye gereji ya Mhindi mmoja Tororo mjini, na huko akaja Mzungu wa mawe. Tulimwita hivyo kwa sababu kazi yake ilikuwa kugonga mawe kwenye vilima vya Osukuru, kuyatia kwenye vijifuko na kuandika juu yake. Alimwuliza Mhindi kama ana fundi asiyekunywa. Mhindi akaninyooshea kidole bila kufikiri. Hivyo nikahamia Osukuru, kwenye kambi ya mahema, kulitunza gari lake la jipu.

Jipu lilikuwa la jeshi, lililobaki baada ya vita, yale ambayo magurudumu yote manne yanavuta. Lilikuwa gari gumu. Nililipenda kuliko nilivyompenda mwenyewe, maana Mzungu yule alikuwa na tabia ya kusafisha masikio kwa kalamu ya risasi kisha kuitia mdomoni akifikiri. Lakini alikuwa ameniahidi kitu. Mimi nilikuwa fundi wa chini ya gari, mtu wa grisi. Nilijua kuendesha, tena vizuri, ila cheti cha udereva sikuwa nacho, na bila barua ya Mzungu ofisini hawakukusikiliza hata ukilia. Akaniambia kuna safari moja ya mlimani. Tukienda na kurudi salama, ataandika barua. Na kweli aliiandika kabla, nikaiona, akaikunja akaitia kwenye mfuko wa shati. Alisema atanipa tukirudi. Msiojua wakati ule mtaona ni karatasi tu. Dereva alikuwa mtu. Dereva alivaa viatu. Mke wa dereva aliitwa mke wa dereva.

Safari yenyewe ilikuwa ya Elgoni, juu kabisa, kupita msitu, kupita mianzi, hadi kule kwenye nyasi tupu ambako wapasua mbao walikuwa wameacha njia. Mzungu alitaka mawe ya huko. Akasema huko juu asubuhi maji yanaganda, yanakuwa mawe, na kwao alikozaliwa gari lisilotayarishwa kwa baridi linakufa kama ng'ombe. Basi tukalitayarisha wiki nzima, katika joto lile la Osukuru ambalo shati linakauka likiwa mgongoni. Tulimwaga mafuta mazito ya injini tukatia mepesi. Betri tuliivalisha blanketi. Mbele ya rejeta, lile tangi la maji yanayopoza injini, tukafunga gunia la kahawa ili upepo usiingie wote. Tulitafuta minyororo ya kuvalisha tairi, zisiteleze, na kwa kuwa haikuwako dukani tukakata minyororo ya plau ya ng'ombe, mhunzi akaiunga. Watu waliokuja kutazama waliuliza kama jipu linakwenda kulima. Nyuma tulipakia gunia la majivu, la kumwaga chini ya gurudumu likikataa kupanda. Mimi nilifanya yote bila kubisha, lakini moyoni nilimwona kama bibi na mtungi wake. Barafu niliyoijua mimi ilitoka juu, ikaua kuku, ikawa maji machafu kabla ya mchana. Kwamba inaweza kuota ndani ya chuma, chini ya boneti, hilo sikuliamini hata kidogo.

Lililobaki lilikuwa rejeta. Mzungu alikuwa ameagiza dawa ya kuzuia maji yasigande, na dawa haikufika. Akakasirika siku mbili, kisha akanijia anacheka. Akasema zamani kwao watu walitia pombe kali kwenye rejeta, maana pombe kali haigandi upesi. Akaniuliza, "Fundi, wewe najua mtu ya waragi?"

Nilimjua. Kila mtu kutoka Busia mpaka Tororo alimjua, isipokuwa polisi, na polisi walijifanya tu. Alikuwa baba mkwe wangu.

Hapa lazima nieleze. Baba mkwe alikuwa mkulima wa Masinya, mzee wa kanisa, anayesimama Jumapili kusoma tangazo la michango. Nyuma ya migomba yake, karibu na kijito, alikuwa na pipa na bomba la shaba, na waragi yake ukiiwasha kwenye kijiko ilitoa moto wa samawati usio na moshi. Serikali ilikataza. Ukikamatwa ni jela, na pipa linapigwa shoka. Yeye alijificha vizuri miaka yote, na aibu yake ilikuwa yetu sote kuificha. Na mimi kwake nilikuwa mkwe. Kwetu siku hizo mkwe hakai mezani na baba wa mkewe. Hamwangalii akila. Akimkuta anakunywa, anageuza uso. Na akiambiwa neno na mzee huyo, hajibu hapana. Sijui siku hizi mnaishije, naona wakwe wanapigana mabega kwenye harusi, lakini sisi ndivyo tulivyolelewa.

Nilikwenda Masinya kwa baiskeli, nikarudi na debe limefunikwa majani ya ndizi. Mzee aliniuliza ni ya nani. Nikasema ni ya gari. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa, akadhani namficha mlevi fulani, lakini akatoa.

Mzungu aliiwasha kwenye kijiko, akafurahi. Mimi nilikuwa nimeisafisha rejeta kwa magadi na maji moto mara mbili, na kilichotoka mle sitaki kukikumbuka: kutu kama damu ya zamani, mafuta, wadudu, kitu kama ute. Haikutakata yote. Rejeta haitakati yote. Tukatia waragi nusu na maji nusu, nikafunga kifuniko. Debe lenye waragi iliyobaki Mzungu akalifungia kwenye sanduku lake la chuma. Hiyo ilikuwa Jumamosi. Safari ilikuwa Jumatatu.

Jumapili Mzungu alikwenda Tororo kwa gari la mwenzake, kucheza ule mchezo wao wa kupiga mpira mdogo na kuutafuta majanini. Nilibaki kambini peke yangu na jipu. Saa nane mchana nikaona baiskeli tatu zinapanda kilima. Baba mkwe yuko mbele, bado amevaa koti la kanisa, na nyuma wazee wawili wa rika lake. Kila mmoja amefunga kwenye baiskeli ule mwanzi mrefu ambao ndani yake mtu huweka mrija wake wa pombe.

Wakasalimia, wakakaa kivulini mwa hema. Mzee hakuzunguka. Akasema amekuja kuona hilo gari linalokunywa. Nikamwonyesha. Akataka nifungue boneti, nikafungua. Akataka nifungue kifuniko, nikafungua. Akainama, akatia pua, akavuta pumzi na kufumba macho. Alipoinuka macho yalikuwa na maji.

"Ni yenyewe," akawaambia wenzake. "Mwanangu ameitia kwenye tumbo la chuma."

Mmoja wa wale wazee akasema basi na wao ni wa chuma. Wakacheka. Nikadhani ni mzaha. Kisha nikaona mianzi inafunguliwa.

Nataka niseme jambo hili vizuri, kwa sababu watu wakilisikia hucheka na mimi mpaka leo sicheki. Waragi hainywewi kwa mrija. Mrija ni wa pombe ya ulezi, ya moto, ya mtungini, na hata hiyo mimi siitaki. Lakini rejeta ilikuwa na shingo nyembamba, na wazee wale hawakuwa tayari kuondoka mikono mitupu. Wakasogeza viti vya kambi vya Mzungu, wakakaa mbele ya jipu kama wanavyokaa mbele ya mtungi msibani, wakaingiza mirija mitatu kwenye shingo ya rejeta.

Nikasema, "Baba, humo kuna kutu na magadi. Nimeosha lakini havijaisha."

Akanijibu bila kutoa mrija mbali na mdomo, "Mkwe, mimi nilikunywa maji ya dimbwi lenye nyumbu aliyekufa, vita ya kwanza, nikibeba risasi za watu. Kutu ni nini?"

Basi nikageuza uso, kama ilivyotakiwa. Nilisimama nikiangalia mawe ya Osukuru, na mgongo wangu ukasikia kila kitu. Ningekuwa natazama labda ingekuwa afadhali. Nilisikia sauti ya kuvuta, ile ya mwisho wa supu, mara tatu tatu. Nilisikia mtu anatema, anasema limekuja jani, kisha anavuta tena. Nilisikia kilichobaki mdomoni kikirudi chini kwenye rejeta niliyoisafisha kwa mikono yangu. Mmoja alisema ina ladha ya msumari. Mwingine akasema msumari ni mzuri kwa damu. Baba mkwe aliwaeleza, kwa fahari kabisa, jinsi anavyokata ile ya kwanza inayotoka kwenye bomba na kuimwaga, maana ina sumu, na yeye hawezi kuwapa watu kitu kibaya.

Walipomaliza kuisifu, mmoja alitapika. Alitapika ndani ya ndoo yangu ya kunawia, kitu cha kijani chenye mafuta juu yake yanayong'aa rangirangi kama shingo ya njiwa. Alipanguza mdomo kwa koti, akarudisha mrija mahali pake. Kutapika ni kwa watu wote. Kurudisha mrija, hapana.

Jua lilikuwa limepungua nguvu walipoinuka. Rejeta ilikuwa imeshuka mpaka huoni kitu. Baba mkwe alisimama mbele yangu, miguu imara kuliko nilivyotarajia, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake akaniwekea mkono begani. Mkono ulinuka grisi. Akasema, "Jaza maji. Na jambo hili lifie hapa. Mzungu akijua imetoka kwangu, mimi nafungwa. Na nikifungwa kwa mdomo wako, binti yangu hatalala kwako tena."

Nilijaza maji. Naandika hivyo hivyo, sina la kujitetea. Debe lilikuwa kwenye sanduku la chuma na ufunguo kwa Mzungu. Ningeweza kumwambia imevuja. Ningeweza kumwambia rejeta imeinywa yenyewe, kwa ajili ya joto, pengine angeamini. Niliyafikiria yote mawili. Lakini kumbukeni sikuamini hiyo barafu. Niliwaza: tutapanda, tutashuka, maji yatabaki maji, barua itatoka mfukoni mwake iingie mwangu, na mzee wangu atasoma matangazo ya michango kanisani. Nikaosha ndoo mara nne, kisha nikaitupa.

Jumatatu tulipanda. Njia ya msituni ilikuwa tope, na minyororo ya plau ilifanya kazi vizuri mno, jipu lilipanda kama mbuzi. Mzungu aliimba. Mara moja aliniachia usukani mahali pabaya, nikapita, akasema "dereva" na kunipiga paja. Nilifurahi, siwezi kusema uongo, nilifurahi kama mtoto. Tulipotoka kwenye mianzi upepo ukabadilika. Ulikuwa hauna harufu. Tulipiga hema, tukawasha moto, Mzungu akalifunika jipu kwa turubai, akaligonga boneti kwa upendo, akasema usiku huu tutajua kama waragi ya Uganda ni dawa.

Asubuhi nilitoka hemani nikaona nyasi zote zimekuwa nyeupe, kama mtu aliyepakwa majivu ya matanga. Dimbwi tulilonawa jana lilikuwa na ngozi. Nikaikanyaga ikavunjika kama sahani. Hapo ndipo miguu yangu ilipojua kabla ya kichwa. Nilikimbia kwenye jipu, nikatoa turubai. Rejeta ilikuwa imevimba na kupasuka mishono. Ubavuni mwa injini palikuwa na ufa mrefu, na kwenye ufa ulimi wa barafu umetoka nje, wa kahawia, una kutu ndani yake, una majani.

Mzungu alikuja nyuma yangu. Akavunja kipande cha ule ulimi kwa kidole. Nilijua anachotaka kufanya, na nilijua kilichokuwa kimeingia na kutoka na kurudi katika maji yale, na bado sikumzuia. Akakitia mdomoni. Akakinyonya, akatafuta waragi, hakuipata. Akatema.

"Hii maji," akasema. "Maji tu. Nani nakunywa?"

Nikainama, nikaanza kulikunja turubai.

"Fungua mdomo."

Nikafungua, kwa mazoea ya kutii. Akauleta uso wake hapa, karibu hivi, akavuta pumzi. Nikasikia tumbaku, na samaki wa mkebe aliyemla jana, na meno yake yaliyooza upande mmoja. Alivuta hewa yangu kama baba mkwe alivyovuta ya rejeta. Kisha akanishika kope la chini kwa kidole gumba, akalivuta, akatazama jicho langu, vile wanavyomtazama ng'ombe mnadani. Kidole kilikuwa bado na mate yake.

"Wewe hapana kunywa," akasema, kama mtu aliyekatishwa tamaa. "Basi mwingine. Wewe najua. Sema jina."

Akatoa barua kwenye mfuko wa shati. Akaikunjua, akanionyesha mahali alipoandika, na jina langu lilikuwa hapo kwa herufi kubwa, nililisoma bila shida. Akasema nikitaja mtu, barua ni yangu leo hii, na polisi watamshughulikia mtu huyo. Nisipotaja, polisi watanishughulikia mimi, kwa wizi wa waragi na kwa injini.

Nilitafuta hasira nikakosa. Kilichokuja ni kichefuchefu. Nilikiona kinywa cha mzee kwenye mrija na kinywa cha huyu kwenye barafu, na katikati yao kinywa changu kimefunguliwa, kila mmoja anataka kitu kitoke humo au kisitoke. Barua niliitaka. Niliitaka hata wakati ule, nikiwa nimesimama pale. Lakini ilikuwa katika mkono uleule uliotoka kunigusa jicho, imelowa pembeni, na kuichukua kulitaka nimtoe mzee wa watu.

Nikasema, "Bwana, hakuna jina."

Akaanza kuikunja barua tena, taratibu, akinipa nafasi. Nilikuwa na spana mkononi, sikumbuki nimeichukua lini. Nikaiweka juu ya boneti. Nikavua koti la jeshi alilonipa, nikaliweka karibu na spana. Nikachukua blanketi langu hemani nikaanza kushuka kwa njia ileile tuliyopandia.

Aliniuliza nakwenda wapi. Alidhani nafuata maji ya chai, maana aliniambia nisisahau sufuria. Sikugeuka. Kwenye kambi ya wapasua mbao, chini ya mianzi, niliwaambia yuko Mzungu juu na gari lake limekufa, wampandie na chakula na mtu wa kumwongoza. Wakauliza kama mimi ndiye dereva wake. Nikasema hapana, nikaendelea kushuka. Osukuru sikukanyaga tena.